Picha ilisema salama, titi likasema vingine

Barua zilizotufikia safari hii zina mwanzo unaofanana: nilikwenda kupima, nikaambiwa niko salama, na mwaka haujaisha nikakutwa na saratani ya titi. Tumechagua maswali saba. Mengine tumeyajibu kwa ufupi, na tumekaa zaidi kwenye yale ambayo watu hupoteza muda wa thamani kwa kutoyajua.

SWALI: Sijawahi kukosa mamogramu (picha ya eksirei ya matiti) ya kila mwaka. Februari majibu yalikuja safi, Septemba nikakutwa na uvimbe wa sentimita 3. Je, haukuwepo, au kuna mtu hakuangalia vizuri?

Pole sana, dada. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ulikuwepo, na hesabu inaonyesha. Ili upana wa uvimbe uongezeke mara mbili, ujazo wake lazima ujirudufu mara tatu. Kama wako ulijirudufu kila baada ya siku 70, basi Februari ulikuwa na upana wa sentimita 1.5 hivi. Kama ulikwenda mbio zaidi, kila baada ya siku 35, ulikuwa na milimita 7 au 8.

Lakini kuwepo si kuonekana. Mamogramu hupitwa na takriban saratani moja kati ya nane. Kuna inayofichwa na tishu nzito zinazoizunguka. Kuna inayokaa pembeni, karibu na mfupa wa kifua au juu kuelekea kwapani, nje ya mpaka wa picha. Kuna ile isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2 (protini za seli ambazo maabara huzipima ili kuchagua dawa), ambayo hukua haraka na mara nyingine huwa na umbo la mviringo lenye kingo laini, ukadhani ni uvimbe usio na madhara. Na ipo, tusifiche, iliyokuwa ikionekana na msomaji akaipita.

Ukitaka kujua yako ilikuwa ipi, omba picha zenyewe, usiridhike na ripoti. Omba faili kamili kwenye diski, za mwaka huu na za miaka miwili iliyotangulia. Kwa kawaida kila mara hupigwa picha nne, mbili kwa kila titi: moja kutoka juu na moja ya mshazari. Kwenye ile ya mshazari, msuli wa kifua uonekane ukishuka mpaka karibu na usawa wa chuchu. Ukiishia juu sana, huenda titi halikuvutwa vya kutosha na sehemu ya nyuma haikuingia kwenye picha. Mpelekee mtaalamu mwingine wa radiolojia bila kumwambia saratani ilikutwa titi gani. Akishajua mahali, jicho lake litaona kivuli ambacho pengine asingekiona, na hapo hutajua kama mwenzake alikosea kweli.

SWALI: Ripoti yangu ya zamani ina maneno "msongamano D". Hakuna aliyenieleza. Maana yake nini, na kwa sasa baada ya matibabu inanihusu?

Inakuhusu sana. Titi lina mafuta na lina tishu za tezi na nyuzi. Kwenye mamogramu mafuta ni meusi, tezi na nyuzi ni nyeupe, na saratani nayo ni nyeupe. Wasomaji wa picha hupanga matiti kwa msongamano, yaani wingi wa tezi na nyuzi, kutoka A, yaliyojaa mafuta, hadi D, yaliyojaa tezi na nyuzi. Karibu mwanamke mmoja kati ya kumi anayepimwa ana D, na wanne kati ya kumi wana C. Huwezi kuujua msongamano kwa kujigusa: titi gumu mkononi linaweza kuwa A, na laini likawa D. Tena msongamano wenyewe huongeza hatari ya saratani, mbali na kuificha. Marekani, tangu Septemba 2024, kila kituo cha mamogramu kinalazimika kumweleza mwanamke kama matiti yake yana msongamano. Wewe ulistahili kuelezwa pia.

Kipimo kinachoona vizuri zaidi penye msongamano ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku bila mionzi. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa 2019 ulifuatilia wanawake wenye msongamano mkubwa kabisa ambao mamogramu zao zilikuwa safi. Kwenye kundi lililoalikwa kupigwa MRI, saratani zilizojitokeza kabla ya kipimo kilichofuata zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000. Kwenye kundi lililoachwa na mamogramu pekee zilikuwa 5 kwa kila 1,000.

Kwa hiyo kama bado una titi, au matiti yote mawili, mwambie daktari wako waziwazi: "Saratani yangu haikuonekana kwa mamogramu. Naomba ufuatiliaji wangu usiwe wa mamogramu peke yake." Tangu 2018, Chuo cha Radiolojia cha Marekani kinashauri MRI ya kila mwaka kwa aliyewahi kuwa na saratani ya titi akiwa na matiti yenye msongamano, au aliyegunduliwa kabla ya kufika miaka 50. Pasipo na MRI, omba altrasaundi ya matiti yote na makwapa pamoja na mamogramu.

Kwenye MRI utalala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili, bila kutikisika kwa karibu nusu saa, na dawa ya kung'arisha picha itapitishwa kwenye mshipa. Kama bado unapata hedhi, panga miadi kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu damu ianze. Nje ya siku hizo titi la kawaida hung'aa na kuleta wasiwasi wa bure. Taja mapema ugonjwa wowote wa figo, kifaa cha moyo, na lile puto la kutanua ngozi linalowekwa kabla ya kutengenezewa titi jipya. Baadhi ya maputo hayo yana sumaku, na hayaruhusiwi kuingia kwenye mashine. Jiandae pia kwa jambo moja: MRI huona mengi, na baadhi ya inayoyaona si saratani. Kuitwa tena kupigwa picha au kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara) hakumaanishi saratani imerudi.

SWALI: Nasikia uvimbe kwa kidole, mamogramu ni safi, nimeambiwa nirudi mwakani. Nirudi mwakani?

Hapana. Rudi wiki hii.

Mamogramu ya uchunguzi wa kawaida ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye uvimbe anahitaji uchunguzi wa dalili, nao una sehemu tatu: daktari akupapase, upigwe picha zinazolenga pale pale, na kinyama kichukuliwe. Ulichopata wewe ni kipande cha sehemu moja. Kabla hujaenda, tafuta mahali pa uvimbe ukiwa umelala na ukiwa umekaa, kisha paandike kama saa ya ukutani: "titi la kushoto, saa mbili, vidole vitatu kutoka kwenye chuchu." Siku ya picha omba kialama kibandikwe kwenye ngozi juu ya uvimbe, na anayepiga altrasaundi aweke kifaa hapo hapo huku kidole chako kikimwonyesha. Altrasaundi iliyozunguka titi zima bila kupita hapo haijajibu swali lako.

Picha zote zikiwa safi na uvimbe bado unasikika kuwa wa kutiliwa shaka, sindano iingie. Omba ile nene inayokata vipande vya nyama badala ya nyembamba inayofyonza seli chache. Nyembamba hukosa saratani ambazo seli zake zimetawanyika, na mara nyingi haitoshi kupima vipokezi vya homoni na HER2. Majibu ya maabara yakisema hakuna saratani huku daktari akiushuku uvimbe kwa mkono au kwa picha, mambo mawili hayo hayapatani, na kinyama kichukuliwe tena au uvimbe utolewe.

Titi jekundu, lenye joto, lililovimba ghafla na ngozi yake kuwa kama ganda la chungwa ni habari nyingine, ya haraka zaidi. Aina hii ya saratani mara nyingi haina uvimbe kabisa na hudhaniwa ni maambukizi. Ukipewa antibayotiki na baada ya wiki moja hakuna nafuu ya wazi, usikubali dozi ya pili wala ya tatu. Omba picha na kinyama, pamoja na kipande cha ngozi yenyewe.

SWALI: Yangu ni saratani ya lobula. Haikuonekana mpaka titi lilipoanza kujikunja. Ikirudi, itaonekana?

Saratani ya lobula, yaani inayoanzia kwenye tezi za maziwa, ni kama moja kati ya kumi, au zaidi kidogo, ya saratani zote za titi. Seli zake zimepoteza protini inayozishikanisha, ile iitwayo E-kadherini, kwa hiyo hazikusanyiki kuwa donge. Hupenya kwenye nyama moja nyuma ya nyingine, kama siafu kwenye mstari. Ndiyo maana mkono husikia ugumu usio na mipaka au hausikii kitu, na picha huonyesha eneo dogo kuliko lilivyo. Kama hujafanyiwa upasuaji, uliza kuhusu MRI kabla ya kisu. Bila hiyo ni rahisi zaidi kukata kidogo, kisha maabara ikakuta saratani kwenye kingo na ukarudishwa mezani.

Ikienea huenda kwenye mifupa na ini kama nyingine, lakini ina njia zake pia: utando wa ndani ya tumbo, tumbo lenyewe, utumbo, mifuko ya mayai. Dalili zake basi haziko kifuani. Kushiba baada ya vijiko vichache, tumbo kujaa, kufunga choo kupya, kupungua uzito: zikiendelea zaidi ya wiki mbili, mwone daktari na umtajie lobula kwa jina, hata kama ni miaka 10 tangu upone. PET, picha inayofuata sukari yenye mionzi mwilini, nayo huweza kuipita, maana baadhi ya saratani hizi hazinyonyi sukari ya kipimo kwa wingi. Kinyama kikichukuliwa tumboni, maabara iambiwe historia yako na ipime vipokezi vya homoni. Kwa darubini peke yake seli za lobula hufanana na aina moja ya saratani ya tumbo, na matibabu ni tofauti kabisa.

SWALI: Siamini picha tena. Nataka kupimwa CT (picha za mionzi za ndani ya mwili) ya mwili mzima na damu ya CA 15-3 (kiashiria cha saratani ya titi) kila miezi mitatu.

Tunaelewa kabisa unatokea wapi. Lakini kwa mtu asiye na dalili, vipimo hivyo havijaonyesha kurefusha maisha. Vinachofanya ni kuleta mionzi na hofu ya namba zinazopanda na kushuka. Fuata ratiba hii: kupapaswa na daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 kwa miwili inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka. Picha za matiti ziwe za kila mwaka. Juu ya ratiba hiyo weka daftari. Maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, pumzi kukata, kikohozi kisichoisha, maumivu mapya ya kichwa: andika tarehe, na ikizidi wiki mbili nenda. Hapo CT ina swali la kujibu.

SWALI: Shikamooni. Mama yangu aligunduliwa akiwa na miaka 44. Mimi nina 27. Nianze kupima lini?

Marahaba. Kwanza mama apime vinasaba BRCA1, BRCA2 na PALB2, ambavyo vikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi, kwa sababu kipimo husema zaidi kikianza kwa aliyeugua. Akikutwa na hitilafu, wewe na kaka zako mpime hiyo hiyo, maana wanaume nao huirithi na kuirithisha. Ukiwa nayo, MRI huanza mapema, mara nyingi miaka 25. Mama asipokuwa nayo, desturi ni kuanza miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa, yaani wewe 34. Uliza pia msongamano wa matiti yako siku ya picha ya kwanza.

SWALI: Mke wangu ana hasira na hospitali iliyomwambia yuko salama. Dripu ya pili ya tibakemikali ni wiki ijayo na anasema harudi pale.

Hasira yake ni ya haki, ndugu yetu, na malalamiko yake yaandikiwe barua, lakini dripu isisubiri barua hiyo. Akitaka kuhama, ahame na vitu hivi mkononi: diski ya picha zote, ripoti ya patholojia, vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta ili maabara nyingine iweze kuvisoma upya, na karatasi yenye majina ya dawa alizopewa, kiasi cha miligramu na tarehe. Hospitali mpya ithibitishe kumpokea kabla hajaiacha ya zamani.

Nyumbani nunueni kipimajoto leo. Kinga ya damu mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Joto likifika 38, hata saa nane za usiku, hata kama anasema hajisikii vibaya, mpeleke hospitali ya dharura iliyo karibu na useme mlangoni: "Yuko kwenye tibakemikali na ana homa." Usimpe kwanza kidonge cha kushusha homa. Kitaficha joto, na maambukizi yataendelea.