Rwanda ilifuta, Burundi ikahesabu

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza iwapo vita vya wenyewe kwa wenyewe huua utaifa au huuzaa upya. Sisi wakazi wa Arusha tuna sababu ya kulijibu swali hilo, kwa kuwa majirani wetu wawili walitia saini mikataba yao ya amani katika mji huu, Rwanda tarehe 4 Agosti 1993 na Burundi tarehe 28 Agosti 2000. Kwa maoni yangu, vita huilazimisha nchi iamue waziwazi kabila litatajwa wapi na litanyamaziwa wapi.

Wengi wetu huamini kwamba Kiswahili peke yake ndicho kinachotukinga. Wanyarwanda nao walikuwa na lugha moja, na Warundi vilevile, wakiishi kilima kimoja na kusali kanisa moja, na bado waliuana.

Tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, kitambulisho cha Mnyarwanda kilionyesha kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mkataba wa 1993 uliagiza maelezo hayo yaondolewe, lakini kabla agizo halijatekelezwa yakaja mauaji ya kimbari ya 1994, na kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho hichohicho kikawa hukumu ya kifo. Ndiyo maana serikali iliyofuata iliyafuta maelezo hayo ya kabila, kisha ikabadilisha bendera mwaka 2001 na wimbo wa taifa mwaka 2002.

Burundi ilikwenda kinyume kabisa. Katiba yake ya 2005, ikifuata mkataba wa Arusha, iliweka serikalini na katika Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na kuzuia kundi lolote lisizidi nusu ya jeshi. Utaratibu huo humkera Mtanzania aliyelelewa kukemea ukabila (nami ulinikera), lakini naona una faida: katika mgogoro wa 2015 kuhusu muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, Wahutu na Watutsi walisimama pamoja upande wa upinzani. Sisemi kwamba Burundi ilipata utulivu, maana wengi walikimbilia kwetu. Nasema mpasuko haukufuata tena mstari uleule wa zamani.

Katiba ya 2018 iliipa Seneti ya Burundi jukumu la kutathmini kama mgawo huo uendelee au ukome. Ningeuacha uendelee hadi waliozaliwa baada ya mkataba washike madaraka, kisha waamue wao.