Neva, mshipa wa fahamu na niuroni: je, ni kitu kimoja?

Msomaji anayeandaa somo la afya anauliza kama ni sahihi kuandika kwamba "ubongo wa binadamu una mabilioni ya neva", na kama neva, mshipa wa fahamu na niuroni ni majina matatu ya kitu kimoja.

Sentensi hiyo si sahihi, na kosa lake ni la maana, si la mtindo. Neva ndiyo mshipa wa fahamu, yaani fungu la nyuzi nyingi lililofunikwa kwa tishu na kupita nje ya ubongo na uti wa mgongo. Nyingine ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho, kama ile inayotoka kiunoni na kushuka nyuma ya paja. Niuroni ni seli moja, yenye mwili uliobeba kiini, matawi mafupi yanayopokea taarifa, na uzi mmoja wa kuzipeleka mbele, ambao katika seli zinazoanzia chini ya mgongo na kufika mguuni unaweza kuwa na urefu wa mita moja hivi. Kinachohesabiwa kwa mabilioni ni seli hizo, zinazokadiriwa kuwa bilioni 86 katika ubongo wa mtu mzima, ilhali neva za kichwani ni jozi 12 tu na za uti wa mgongo ni jozi 31. Basi na aandike "mabilioni ya niuroni", au "mabilioni ya seli za neva".

"Mshipa wa fahamu" nalikubali kabisa, hasa mbele ya wagonjwa wanaolijua, ila lisifupishwe kuwa "mshipa", kwa kuwa neno hilo likiwa peke yake huweza kumaanisha mshipa wa damu na hata ngiri. Kwa mfumo mzima napendelea "mfumo wa neva" kuliko "mfumo wa fahamu", maana sehemu kubwa ya kazi zake, kama vile kurekebisha mapigo ya moyo na usagaji wa chakula, hufanyika pasipo mtu kufahamu.

Zisisahauliwe seli za glia, ambazo huzilisha na kuzilinda niuroni, na baadhi yake huzizungushia nyuzi ala ya mielini, yaani kifuniko chenye mafuta kinachoharakisha ishara. Hizo ni seli za mfumo wa neva, lakini haziitwi seli za neva.