Ugoro wa Baba na Batobato ya Nyanya

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima nyanya na baba hapa Tengeru. Majani yameota mabaka, pengine kijani kibichi, pengine kimepauka, mengine yamejikunja. Bwana shamba kasema ni batobato, akamkataza baba kunusa ugoro shambani. Baba kachukia, anasema huo ni uchawi wa wasomi. Nani mkweli?
– Msomaji, Tengeru

JIBU: Marahaba mwanangu. Bwana shamba ni mkweli, nami nasema hivyo nikiwa mvuta tumbaku niliyeacha. Zamani nilikuwa nasokota sigara, nikimaliza nakwenda kupunguza machipukizi ya nyanya kwa vidole vilevile. Mistari miwili iliniishia hivyo.

Aliyelifumbua jambo hili ni Mholanzi, Martinus Beijerinck, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku akafilisika. Batobato yenyewe ilianza kuchunguzwa kwenye tumbaku. Mrusi Dmitri Ivanovsky alikwisha kuonyesha mwaka 1892 kwamba maji ya jani gonjwa yakipita kwenye chujio la kaure, linalonasa bakteria, bado yanaambukiza. Ila alishikilia kwamba ni bakteria tu.

Beijerinck aliwajua bakteria vizuri. Ndiye aliyewatenga, mwaka 1888, wale wa kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde, wanaoyapa maharage yako naitrojeni bila mbolea ya dukani. Basi mwaka 1898, akiwa mjini Delft, Uholanzi, alisema wazi: huyu si bakteria. Alidunga maji yaliyochujwa kwenye mmea mzima, ukaugua. Akakamua huo, akaugusisha mwingine, na mwingine, nguvu ileile. Sumu ingepungua kila mara, kama chai inayoongezwa maji. Hii ilikuwa inazaana, tena ndani ya mmea hai tu. Akaiita virusi. Alidhani ni kimiminika chenye uhai, na hapo alikosea: mwaka 1935 Wendell Stanley wa Marekani aliipata ikiwa fuwele, yaani punje ngumu kama za chumvi, si kimiminika.

Kinachomhusu mzee wako ni hiki: virusi hivi havifi jani likikauka. Vinaweza kubaki kwenye tumbaku, vikahamia kidoleni, kisha kwenye mkwaruzo wa jani. Dawa ya kupulizia haipo. Ng'oeni miche yenye mabaka, msiiache shambani, na mnawe kwa sabuni kabla ya kushika mizima.

Mzee akikataa kuacha ugoro, mpe zamu ya mfereji. Huko hagusi majani.