Kazi ipo baharini, ila si ya kucheza na pomboo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia). Nataka nikasome biolojia ya bahari, ila baba anasema nitaishia kuuza samaki Deep Sea. Nisome au nisisome?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza mwambie baba kwamba pale Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, kuna wachuuzi wanaowaacha mbali kwa kipato watu wenye shahada zao. Pili, maneno hayo si mageni. Mimi mjomba alinisema mbele ya watu, shughulini: "Binti kaenda Dar kusomea kuhesabu samaki." Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Sijasahau. Bahati nzuri mjomba husoma ninayoandika.

Na kweli tulihesabu samaki. Mwaka wa kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siusimulii, ni kemia na foleni za mkopo tu. Utamu ulianza nilipokuja mafunzo kwa vitendo huku kwetu, diko la Kigombe, wavuvi wanaposhushia samaki. Ngalawa zinaingia, unamwomba nahodha changu kabla hajatiwa tengani, unamlaza kwenye ubao wa kupimia, unaandika urefu, unampasua uone kama ana mayai, kisha unachokonoa kichwani mpaka utoe kijiwe cha sikio. Kijiwe hicho kina miduara kama gogo lililokatwa, na ukiihesabu kwa hadubini unapata umri wa samaki. Wavuvi walinitania sana mpaka nilipowaonyesha kwamba wengi wa changu waliowaleta hawajawahi kutaga. Hapo wazee wakaanza kuniuliza maswali.

Kwa hiyo usiende dikoni na kiburi cha darasani. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka zamani za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, hapa Tanga hakuletwa na profesa. Alinaswa na jarife, nyavu za wavuvi zilizotegwa maji marefu, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ikatangazwa mwaka 2009. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mvuvi anayajua kwa kichwa. Wewe unachompelekea ni takwimu. Basi soma takwimu, narudia, soma takwimu! Wenzangu waliozikimbia ndio waliokaa mtaani muda mrefu, na wengine walikuwa wazamiaji hodari.

Ajira zipo TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), kwenye hifadhi za bahari, uvuvi wa bahari kuu, na halmashauri zinazohitaji maofisa uvuvi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani, na ujenzi wa namna hiyo unahitaji watu wa kupima matumbawe na mikoko kabla na baada. Kuna pia ufugaji wa kaa, jongoo bahari na mwatiko. Mimi niko kwenye mwani, na kina mama. Tunalima aina mbili: kotonii ina bei kuliko spinosamu lakini haivumilii maji ya moto ya ufukweni, kwa hiyo tunaisogeza kwenye kina kirefu zaidi. Mshahara wa mwani ndio uliopaua nyumba ya mama. Mjomba, umesikia?

Ila fungua macho. Mradi mmoja, sitautaja, ulinitumia kukusanya data msimu mzima kwa ahadi za mdomo. Ripoti ikatoka na picha nzuri, jina langu halimo hata kwenye shukrani. Vijana, dai mkataba wa maandishi! Tunza nakala ya kila fomu uliyojaza, hata iliyolowa. Msikubali kuitwa "wasaidizi" huku kazi yote mnaifanya nyinyi.

Alama zikikuangusha, usilie. FETA, wakala wa serikali wa elimu na mafunzo ya uvuvi, wana kampasi Mbegani, Bagamoyo, unaanza na cheti au stashahada na kupanda taratibu. Baadhi ya maofisa uvuvi ninaowaheshimu walipita njia hiyo. Na kama hujui kuogelea, anza wiki hii pale Raskazone, maji yakiwa yamejaa.