Digrii ya falsafa, kalamu ya hesabu

Dada, umeuliza kama mwanao anayesomea falsafa anaweza kuja kuandika vitabu vya hesabu vya watu wa kawaida. Mbona anaweza! Martin Gardner wa Marekani alipata shahada ya falsafa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1936. Akapitia vibarua vya kila namna, mpaka jarida la watoto alikokuwa akibuni michezo ya kukunja karatasi.

Karatasi hizohizo ndizo zilizomtoa. Desemba 1956, akiwa na miaka 42, jarida la sayansi la Marekani, Scientific American, walichapa makala yake kuhusu heksafleksagoni: ukanda wa karatasi unaokunjwa ukawa na pembe sita, kila ukiufunua unatoa uso mwingine. Wakampa safu ya kila mwezi, akaishika kama robo karne. Vitabu vyake vingi vya hesabu vilitokana na safu hiyo. Mwenyewe alisema kuelewa kwake kulikuwa kwa taabu, ndiyo maana alijua msomaji atakwama wapi.

Kwa hapa Mombasa, mwambie aanze na bao. Mashimo 32, kete 64, na wazee wetu wa barazani Mji wa Kale wanapiga mahesabu kichwani kabla hawajanyanyua kete, ukiwaambia hiyo ni hesabu watakucheka. Aandike ukurasa mmoja, ampe mtu aliyeikimbia hesabu shuleni (mimi nipo) aone huyo msomaji anasinzia wapi.

Pesa zitachelewa, lakini. Kazi ya mchana asiiache.