Mama ana sukari na miguu inawaka moto usiku: nakujibu kwa yaliyonisaidia mimi

Mdogo wangu uliyeuliza habari za mama yako wa Njombe, kwamba ana sukari miaka mingi, nyayo zinawaka moto usiku mpaka anakesha, anameza diklofenaki ya maumivu kila siku na nafuu haioni, nimesoma nikashindwa kupita bila kuandika. Mi naishi na hali hiyohiyo. Ni fundi cherehani hapa Morogoro, cherehani yangu ni ya kukanyaga, yani miguu ndo inanilisha, kwa hiyo haya mambo nimeyafuatilia kwa madaktari na kwa wenzangu wa kliniki ya sukari mpaka basi. Dozi za mama atazipanga daktari wake, mi nakupa nilichopitia.

Hiyo diklofenaki kwanza. Maumivu haya hayatoki kwenye nyama wala kwenye jointi, yanatoka kwenye mishipa ya fahamu yenyewe iliyoharibiwa na sukari, ndo maana mtu anameza diklofenaki au panadol anakaa anasubiri wee hamna kitu. Sasa mtu wa sukari kumeza diklofenaki kila siku anaziumiza figo ambazo sukari yenyewe imeshaanza kuzisumbua, tumbo nalo linachubuka, presha nayo inapanda. Muongee na daktari aachane nayo, na siku hiyohiyo wampime figo, maana majibu ya figo yatahitajika hata kwenye kupanga hizo dawa zingine nitakazozitaja.

Na naomba sana pale nyumbani asionekane anadeka. Kwa nje mguu hauna kitu, hauna uvimbe wala kidonda, ndo maana watu hawaamini. Lakini shuka tu ikigusa kidole gumba unaruka. Mi kilichokuwa kinanitesa ni chandarua, kilikuwa kifupi kinalalia vidole, kila nikijigeuza kinanikwaruza kama msasa. Nikanunua kikubwa, nikaweka kigoda mwisho wa kitanda juu ya godoro, shuka ikapita juu ya kigoda, miguu ikabaki chini yake haiguswi na kitu. Mfanyieni mama hilo leo, halina gharama. Mchana ukiwa na shughuli unasahau kidogo, usiku kumetulia ndo yanakuja yote, kuwaka, kuchomwa sindano, shoti kama za umeme. Inaanzia vidoleni miguu yote miwili kwa sababu mishipa inayofika huko ndo mirefu kuliko yote mwilini, inatoka kiunoni hadi ncha ya kidole, ikianza kukosa chakula na hewa inaumia kuanzia mwisho. Majirani watasema amekanyaga kitu, amewekewa tego. Maombi na dua mfanyieni, dawa asiache.

Sasa dawa. Mi nilianzishiwa amitriptilini, kidonge cha usiku, ni ya bei ndogo na hata hospitali za wilaya mara nyingi ipo. Ni dawa ya sonona ya zamani ila kwa dozi ndogo inatuliza mishipa ya fahamu, kwa hiyo mama akisoma karatasi yake au muuza dawa akamwambia hii ni ya wagonjwa wa akili asishtuke, mweleze mapema. Wanaanza na kidogo, miligramu 10 au 25, wanapandisha taratibu. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inataka wiki kadhaa, na hapa ndo wengi wanaangukia, anameza siku tatu anasema haisaidii anatupa. Inakausha mdomo, inaleta choo kigumu, asubuhi unaamka mzito. Mi nikawa nameza saa mbili usiku badala ya wakati wa kupanda kitandani, ule uzito wa asubuhi ukapungua sana. Kwa mtu mzima kama mama cha kuangalia ni kizunguzungu akiamka kwenda chooni usiku, akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndo asimame. Na kama ana shida ya moyo au presha ya macho amwambie daktari kabla, na wazee wenye tezi dume vilevile, maana inaweza kuzuia mkojo.

Baadae nilihamishiwa gabapentini, hiyo nayo inapandishwa polepole na dozi yake inategemea figo, ndo maana nikasema wapime. Kuna pregabalini inayofanana nayo ila mfukoni inauma zaidi, na kuna duloksetini, huku kwetu sijaikuta kirahisi. Zote hizi haziachwi ghafla. Kitu nilichoambiwa mwanzoni kikanisaidia sana ni kwamba maumivu hayataisha yote, yakipungua nusu na ukalala, dawa imefanya kazi. Bila kujua hilo utazunguka kila famasi unatafuta kidonge cha kumaliza kabisa, na huko ndo watu wanaishia kwenye tramadoli, dawa kali ya maumivu, wanaizoea, inakuwa tatizo la pili. Na hao wanaouza chupa za kusafisha mishipa wakakuambia atupe dawa za sukari, kimbia nao mbali.

Halafu umesema anatumia metformini, kile kidonge cha sukari, muda mrefu. Ulizia vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12 mwilini, na B12 ikipungua nayo inaleta ganzi na kuwaka miguu vilevile, yani unaweza kulaumu sukari kumbe upungufu nao upo na huo unatibika. Kipimo kipo kwenye maabara kubwa. Lakini usikimbilie tu kumnunulia Neurobion, vile vidonge vya vitamini B, mwaka mzima na kuchanganya na vidonge vingine vya B, kwa sababu B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu mishipa hiyohiyo ya fahamu. Pia kama amewahi kutumia dawa za TB, au anatumia ARV, au kuna pombe, daktari ajue, maana vyote hivi vinaweza kuchangia.

Kingine ambacho wengi hawaambiwi. Sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishushwa kwa kasi sana, mfano mtu kaanzishiwa insulini na ndani ya miezi michache imeporomoka, maumivu yanaweza kuzidi kwanza kabla ya kutulia. Namjua dada wa kliniki yetu alitaka kuacha insulini kwa sababu hiyo, akadhani ndo inayomchoma. Haikuwa sindano, na mwili ukizoea huwa yanapungua. Kwa hiyo asiache, arudi aelezwe.

Sasa nije kwenye kilichonishtua zaidi kwenye maelezo yako, kwamba jioni baridi ikikaza anasogeza miguu kwenye jiko la mkaa, na mnamkanda na maji ya moto ya chumvi. Mdogo wangu hapo naomba msimame kabisa. Mguu huu unaouma ndo huohuo unaokufa ganzi, vyote viwili vinakaa pamoja, usiku anapiga kelele unawaka na wakati huohuo kaa la moto likigusa kisigino asijue. Mi juzijuzi nimevua ndala jioni nikakuta pini ya kushonea imezama kwenye soli imetokeza juu, imenichoma na damu imeganda, na sikusikia chochote mchana kutwa nikiwa nakanyaga cherehani. Baridi ya Njombe naijua, ila avae soksi za sufu au pamba zisizobana, mbili akitaka, ajifunike blanketi, jiko likae mbali. Maji ya kuoga apime mtu mwingine kwa kiwiko. Akitaka kutuliza moto aweke kitambaa cha maji ya baridi ya bomba dakika chache kisha afute akauke hasa katikati ya vidole, sio kuloweka miguu kwenye beseni usiku kucha, ngozi inalainika inapasuka. Kuna krimu yenye kapsaisini inayotoka kwenye pilipili, inasaidia wengine, siku za mwanzo inachoma, ila asipewe pilipili za jikoni kujipaka.

Kila jioni mtu amkague nyayo, kisigino na katikati ya vidole, macho yake mwenyewe hayafiki huko. Kabla ya kuvaa kiatu kikung'utwe na mkono uingie ndani. Peku hapana, hata ndani ya nyumba. Kucha zikatwe moja kwa moja, sugu zisikatwe na wembe. Na panya jamani, hili sio hadithi, mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Tunasema panya huuma na kupuliza, mwenye ganzi hata asipopulizwa hasikii. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Ikitokea siku maumivu yakapotea ghafla bila dawa kubadilishwa, msishangilie kwanza, inaweza kuwa mishipa imekufa zaidi na ganzi imetawala. Kliniki wana kile kinailoni chembamba wanakigusisha kwenye nyayo umefumba macho useme unasikia wapi, waombe wamfanyie angalau mara moja kwa mwaka. Na kama kimetokea kidonda hata kidogo, malengelenge, rangi imebadilika, au mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwenzie hata kama hauumi, asiukanyagie na aende hospitali siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.

Ukipata nafasi niandikie hapahapa, mara ya mwisho kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisoma ngapi, figo zake zikoje, na je, amewahi kuvuliwa viatu kliniki akaangaliwa miguu?