Balansi yangu ya ndoano iko inaniibia ao inaibia bakiliya?

SWALI: Ndugu mwandishi, niko nauzisha maharagi hapa soko ya Kadutu. Juma iliyopita nilipokea mufuko, balansi ya mwenye kuniuzishia inasema kilo 25, nafika nyumbani natundika kwa yangu ile ya ndoano yenye resoro, inasema 23 na nusu! Sitaki kusingizia mutu bure na tena sitaki kuibia bakiliya bangu. Nitajua namna gani ya nani iko sawa?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, umefanya vizuri kuuliza mbele ya kugombana. Hapa maji njo itasema, juu lita moja ya maji ni kilo moja, ikipunguka ni paka gramu mbili tatu.

Nunua chupa moja ya maji ya lita 1,5, yenye haiyafunguliwa. Isimamishe pa meza, chora laini na biki pale maji inaishia, kisha njo ufungue. Kipimo yako ni ile laini, usijaze mpaka kwa mudomo juu mule mwa shingo munaingia maji ya kuzidi. Na bido ya njano ni vile vile, banaiita ya 20 lakini ukijaza mpaka juu inabeba zaidi, njo maana batu bengi banatundika bido nzima halafu banasema balansi inadanganya, kumbe ni bido.

Sasa funga balansi pa muti wa nyumba, usiishike na mukono. Bila kitu kwa ndoano, mushale iko pa 0? Kama hapana, rudisha na ile vise ya juu. Tundika bido mutupu, andika. Mimina chupa 4, ni kilo 6, angalia mushale macho ikiwa sawa nayo, si kwa chini, andika. Tena 4, kilo 12. Tena 4, kilo 18. Kila mara unatosha uzito ya bido.

Ukipata 5,6 kisha 11,3 kisha 16,9, mama, yako njo inasema kidogo, na kwa kilo 25 itasema paka 23 na nusu. Mwenye kukuuzishia hana kosa, na mwenye kuibiwa ni weye, juu kila siku unapatia bakiliya maharagi ya kuzidi. Ukipata 6, 12 na 18, yako iko muzuri, beba chupa na bido mpaka kwake mupime pamoja, polepole, bila makelele.

Punguza maji tena chupa 4 kwa 4: kama pa kilo 12 mushale inasimama fasi ingine kuliko wakati wa kupandisha, labda ndani muko kutu, hiyo usiuzishe nayo.

Iko batu banasema resoro inabadilika juu ya milima yetu. Ni kweli ile yenye ilipimwa Ulaya inasoma chini kidogo huku, zaidi juu tuko karibu na ikweta, milima inaongeza paka kidogo, lakini ni kama gramu 80 kwa kilo 25, haiwezi kula kilo moja na nusu.